Mtandao Umesingiziwa: Akaunti Moja na Maswali Yanayochelewa

Mhadhara kwa watunza mifumo ya kompyuta wa ofisi, hospitali na vyama vya ushirika, Songea

 

Hapa mjini sidhani kama yuko mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa dirishani, "Subiri kidogo, mtandao unasumbua." Huambiwa mgonjwa aliyetoka Namtumbo na basi la alfajiri. Huambiwa mkulima aliyekuja kufuatilia malipo ya ufuta wake, na mzazi anayetafuta cheti cha mtoto. Naye husubiri bila kubisha, maana mtandao tumeshaufanya kuwa jambo la Mungu, halina wa kuulizwa. Leo nimekuja kuutetea. Katika malalamiko mengi yanayofika kwenye meza za mafundi, mtandao hauna hatia yoyote. Mwenye hatia yuko chumba cha pili, ndani ya seva, kwenye kanzidata ambayo hakuna aliyekabidhiwa kuilea.

Lakini tumtendee haki kila mtu. Ipo siku mtandao ulikuwa na hatia kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Hata siku hizo, hospitali ambayo seva yake iko ndani ya jengo lake ilikuwa na kila sababu ya kuendelea kusajili wagonjwa. Waya uliokatika baharini haupiti kati ya dirisha la mapokezi na chumba cha seva.

Upande wa pili liko tukio la Mei 2021, ambalo wengi wenu mnalikumbuka kwa sababu mlilala gizani. Mfumo wa LUKU ulipata hitilafu na wateja nchi nzima wakashindwa kununua umeme. Simu zilikuwa zinaita, intaneti ilikuwepo, nguzo zilikuwa zimesimama. Kilichokwama kilikuwa mfumo. Waziri wa Nishati wa wakati ule, Medard Kalemani, aliagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika la umeme wasimamishwe kazi. Sina la kusema juu ya agizo hilo, ila nataka mwone jinsi mambo yanavyokwenda: mfumo ukisimama kwa dakika mbili tunailaumu minara, ukisimama kwa siku tatu tunamtafuta mtu. Katikati ya hapo, pale ambapo fundi angepima na kujua, hatukai.

Kupima kwenyewe ni kazi nyepesi. Ukiambiwa mfumo uko taratibu, nenda kaketi mbele ya seva yenyewe, endesha swali lile lile linalolalamikiwa, tazama saa. Ninaposema swali nina maana ya ombi ambalo programu hulipeleka kwenye kanzidata: nipe mgonjwa huyu, nijumlishie mauzo ya mwezi huu. Kama pale pale kwenye seva swali linachukua sekunde arobaini, waya umeshaachiwa huru, mahakama imekwisha. Na hata seva ikiwa Dar es Salaam, hesabu bado ni ile ile. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 950. Kwenda na kurudi ni kama sehemu kumi kati ya elfu moja za sekunde. Ongezeni vifaa vya njiani, ongezeni msongamano, fanyeni iwe mara tatu ya hapo. Bado hamjafika sekunde arobaini. Hamjafika hata nusu sekunde.

Basi hizo sekunde nyingine zinakwenda wapi?

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wetu wa Ruvuma una watu zaidi ya milioni 1.8. Tuchukue, kwa mfano tu, jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mkazi, kila mstari ukiwa na ukubwa wa kilobaiti moja. Hilo ni jedwali la gigabaiti 1.8. Karani anaomba mtu mmoja. Kama jedwali halina faharasa, ambayo mafundi wengi huiita indeksi, seva haina namna: itasoma kuanzia mkazi wa kwanza hadi wa mwisho. Diski ya kawaida ya kuzunguka ikisoma megabaiti mia moja kwa sekunde, hizo ni sekunde 18 za kumtafuta mtu mmoja, na dirisha la pili linasubiri zamu yake kwenye diski hiyo hiyo.

Waliowahi kufanya kazi masjala wananielewa. Faili lisilo na namba hutafutwa kwa kufungua makabati yote; lenye namba hufuatwa moja kwa moja. Faharasa ya kanzidata hufanya hivyo kwa ngazi. Muundo wake uliandikwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1970, wakiwa watafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing, na hadi leo kanzidata karibu zote mnazozitumia zinauendesha. Ukurasa mmoja wa faharasa hubeba mamia ya vielekezi. Tuseme mia tano. Ngazi ya kwanza inakuonyesha kurasa mia tano, ya pili inakufikisha kwenye laki mbili na nusu, ya tatu kwenye milioni 125. Kwa hiyo mkazi yeyote wa Ruvuma unampata kwa hatua tatu, na wa Tanzania nzima, tulivyohesabiwa milioni 61 na ushee, unampata kwa hatua hizo hizo tatu. Sekunde 18 zinakuwa kufumba na kufumbua, na hukununua kifaa chochote.

Hapo ndipo vijana hukimbilia kuweka faharasa kila mahali. Taratibu. Kila faharasa lazima nayo iongezewe kielekezi kila mstari unapoongezwa, kwa hiyo jedwali lenye faharasa kumi na tano litasomeka haraka na kuandikika kwa tabu. Isitoshe, faharasa hufaa pale tu inapochuja. Hapa Songea ukiweka faharasa kwenye jina la ukoo peke yake utapata nini? Utatafuta Komba, na akina Komba watakuja maelfu. Utatafuta Ngonyani, Haule, Gama, Mapunda, Nchimbi, hali ni hiyo hiyo. Yule mtaalamu wa mbali aliyeuandika mfumo alidhani jina la ukoo ni adimu. Kwetu huku weka jina la ukoo pamoja na tarehe ya kuzaliwa katika faharasa moja, kwa mpangilio huo, au mfundishe karani aanze na namba ya kadi. Mpangilio nao una maana yake: faharasa iliyoanza na jina la ukoo haitamsaidia anayetafuta kwa tarehe peke yake.

Kuna njia nyingine tatu za kuiua faharasa nzuri, na zote nimezikuta mkoani humu mara nyingi kiasi cha kuzitambua kwa sauti ya mlalamikaji. Ya kwanza ni karani asiye na hakika ya mwanzo wa jina, kwa hiyo programu inamwekea alama ya asilimia mbele ya neno, maana yake "chochote kinachoishia na onyani". Faharasa imepangwa kwa herufi ya kwanza. Ukiificha herufi ya kwanza umerudi kwenye kusoma jedwali lote. Ya pili ni kuiambia seva iikokotoe tarehe kabla ya kuilinganisha: "nipe miamala ambayo mwaka wake ni 2023". Seva italazimika kuchukua kila tarehe, kuutoa mwaka, kisha kulinganisha. Iambie badala yake, "kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hadi kabla ya tarehe 1 Januari 2024", na faharasa itafanya kazi.

Ya tatu ni namba za simu, na hii naipenda kwa ubaya wake. Namba zetu zinaanza na sifuri, kwa hiyo mtu mwenye akili huzihifadhi kama maandishi, sivyo sifuri hupotea. Kisha mwandishi wa programu anasahau kuweka alama za kunukuu kwenye swali, na kanzidata ya MySQL inajikuta inalinganisha maandishi na namba. Haikatai. Inageuza kila namba ya simu ya kila mteja kuwa hesabu, mmoja mmoja, ndipo ilinganishe. Jibu linatoka sahihi, ndiyo maana hakuna anayegundua. Linatoka tu baada ya mteja kukaa kwenye benchi.

Mambo haya yote yanaonekana kwa macho. Iambie seva EXPLAIN kabla ya swali lako, nayo itakuonyesha njia inayokusudia kupita na mistari mingapi inatarajia kugusa. Ukiona inakusudia kugusa milioni moja na laki nane ili ikupe mmoja, umeshampata mwizi. Na washa daftari la maswali yanayochelewa. Katika MySQL daftari hilo halijawashwa unaposimikiwa seva, na hata ukiliwasha, kiwango chake cha kuanzia ni sekunde kumi: swali la sekunde tisa haliandikwi. Sekunde tisa mbele ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa ni nyingi mno. Shusha hadi moja.

Kumbukumbu ya seva nayo mnaiacha kama ilivyotoka dukani. Injini ya InnoDB ndani ya MySQL huanza na megabaiti 128 tu za kuhifadhia kurasa zinazosomwa mara kwa mara. Lile jedwali letu la gigabaiti 1.8 haliwezi kuingia humo, kwa hiyo seva inasoma diski, inatupa, inasoma tena. Nimeona ofisi ikiomba bajeti ya seva mpya wakati ile ya zamani ilikuwa na gigabaiti kumi na sita zimelala bila kuguswa. Mstari mmoja wa mipangilio.

Halafu kuna kufuli. Mhudumu anafungua fomu ya mkulima ili aisahihishe, programu iliyoandikwa vibaya inaufunga mstari ule kwa ajili yake, naye anaitwa kunywa chai. Mwenzake wa dirisha la tatu anataka kumlipa mkulima yule yule. Seva inamwambia asubiri. Katika InnoDB atasubiri sekunde hamsini, kisha atatupiwa kosa namba 1205. Yeye atasema mtandao unasumbua. Mtandao! Chai ndiyo iliyosumbua.

Dawa inayopendwa kuliko zote ni kuzima na kuwasha. Siwezi kuwaambia msiifanye kamwe, maana kuna saa za dharura. Ila jueni mnachofanya: mnamwaga kumbukumbu yote ambayo seva ilikuwa imeshajikusanyia, kwa hiyo nusu saa ya kwanza itakuwa nzito zaidi, na mnafuta orodha ya maswali yaliyokuwa yanaendeshwa wakati wa ajali, yaani ushahidi wenyewe.

Na ushahidi huo ndio unaonipeleka kwenye nywila. Mtashangaa uhusiano uko wapi. Seva inapoelemewa, jambo la kwanza mtunza mifumo anatakiwa kulifanya ni kuitisha orodha ya walioingia: nani, kutoka kompyuta ipi, ameuliza nini, tangu lini. MySQL inakupa kwa amri moja ya SHOW PROCESSLIST. Sasa tazameni orodha hiyo inavyosomeka katika ofisi zetu nyingi. Mtumiaji: root. Mtumiaji: root. Root, root, root, mpaka chini. Mfumo wa mapokezi unaingia kwa root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, wa stoo unaingia kwa root, mhasibu aliyeunganisha lahajedwali lake kuvuta taarifa za mwezi naye ni root. Mmoja wao ameuliza swali linalosoma jedwali zima saa tatu asubuhi, dirisha limejaa watu, na huwezi kujua ni yupi. Kwa hiyo unazima na kuwasha.

Hapo ndipo ninaposhikilia leo: akaunti moja inayotumiwa na wote inazaa matatizo yote mawili. Asiyejulikana aliyeingia kuiba na asiyejulikana aliyeuliza swali zito ni mtu yule yule asiyejulikana. Tunahubiriwa nywila kama jambo la kuwazuia wezi wa Ulaya na Asia, kwa hiyo mtumishi wa Mbinga anaona halimhusu. Ukimwambia kwamba akaunti yake mwenyewe ndiyo itakayomwondolea lawama siku mfumo utakapokwama, atasikiliza.

Kwa nini tunashirikiana akaunti? Si kwa uzembe peke yake. Mara nyingi chanzo ni kosa la kuingia ambalo hakuna aliyelisoma vizuri. Chukueni SQL Server ya Microsoft na kosa lake maarufu namba 18456. Anayejaribu kuingia huambiwa tu kwamba ameshindwa, hali namba 1, basi. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili mdukuzi asijue kama alikosea jina au nywila. Lakini kwenye daftari la seva yenyewe sababu imeandikwa: hali 5 ni jina lisilokuwepo, hali 8 ni nywila isiyolingana, hali 7 ni akaunti iliyofungwa na nywila isiyo sahihi. Fundi ambaye hajui kwamba daftari lipo hubahatisha, na kubahatisha kunaishia pale pale siku zote: "Tumia ya admini kwanza."

MySQL ina tabia yake. Kwake mtumiaji hatambuliwi kwa jina peke yake, ni jina pamoja na mahali anapotoka. Ukimfungulia mhasibu akaunti ya kuingilia kwenye seva yenyewe, kutoka kompyuta yake hatapokelewa hata nywila ikiwa sahihi. Ukimfungulia kwa anwani ya kompyuta yake, siku kifaa cha mtandao kitakapoipa kompyuta hiyo anwani nyingine, anakataliwa tena. Suluhisho sahihi ni kuruhusu mtandao wa ndani wa jengo, au kuikabidhi kompyuta anwani ya kudumu. Suluhisho linalotumika ni alama ya asilimia, yaani popote duniani, na ruhusa zote juu yake. Kwenye PostgreSQL kinachoamua hayo ni faili la pg_hba.conf, ambalo husomwa kutoka juu na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni huweka juu kabisa mstari wa kumwamini kila anayekuja, mfumo unaitika, anakwenda nyumbani. Mstari huo utakaa miaka.

Msidhani milango hiyo hubaki bila kuonekana. Januari 2003 mdudu aliyeitwa Slammer alizipata seva za SQL Server kupitia mlango namba 1434, akizaana mara mbili kila sekunde nane na nusu; ndani ya dakika kumi alikuwa ameshaziambukiza nyingi kati ya zile zilizokuwa wazi duniani. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa miezi sita kabla. Mwaka 2012 Sergei Golubchik wa MariaDB alieleza kasoro iliyokuwa katika baadhi ya matoleo ya MySQL na MariaDB: kwa sababu ya hesabu mbovu ya kulinganisha, nywila yoyote ile ya uongo ilikuwa na bahati ya mara moja katika 256 ya kukubaliwa. Jaribu mara mia tatu na pengine umeingia, hata kama nywila ya kweli ilikuwa ndefu kama utenzi. Na Januari 2017 makumi ya maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila yoyote zilifutwa, zikaachiwa barua ya kudai fidia kwa Bitcoin. Wengi wa waliolipa hawakurudishiwa kitu, maana waliofuta hawakuhifadhi. Wale wadai hawakumchagua mtu. Programu zao zilikuwa zinazunguka anwani zote za intaneti zikigonga kila mlango, na anwani ya ofisi ya Songea ni namba tu kama ya London.

Kuna mlango mwingine ambao hauhitaji nywila, na sisi Waswahili tuna kipimo chetu cha kuujaribu. Ingia kwenye mfumo wa mifugo, andika "ng'ombe". Ikiwa mfumo umekwama na kutoa kosa la ajabu, basi ile alama ndogo katikati ya ng na o imesomwa na kanzidata kama mwisho wa maandishi, na yaliyofuata yamesomwa kama amri. Leo ni ng'ombe, au mteja anayeitwa Ng'wandu. Kesho atakuja mtu atakayeandika amri ya kufuta. Dawa inajulikana, ni kupeleka swali peke yake na thamani zake peke yake, na kila lugha ya programu inao utaratibu huo. Mtu akikuuzia mfumo, mwandikie ng'ombe mbele yake kabla ya kutia saini.

Nirudi kwa watu. Utumishi wetu ni wa uhamisho. Mtu yuko Songea mwaka huu, mwakani yuko Tunduru, mwaka unaofuata amekwenda masomoni. Barua ya uhamisho inapita kwa mkuu wa idara, kwa mhasibu, kwa afisa utumishi. Kwa mtunza kanzidata haipiti. Nyumba ya serikali anairudisha, funguo za gari anazirudisha, akaunti inabaki wazi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nao wanakuja wiki nane, wanapewa nywila ya admini kwa sababu ndiyo pekee iliyopo, wanaondoka nayo kichwani. Sisemi ni wabaya. Nasema siku taarifa za wagonjwa zitakapovuja, wao nao watakuwa kwenye orodha ya washukiwa, na hamtakuwa na namna ya kuwatoa.

Jambo hili sasa lina sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai. Lakini utathibitishaje nani aliingia, wakati wote ni root? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamdai anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuna Tume ya kusimamia hilo. Daftari la wagonjwa na daftari la wakulima wa ruzuku ya mbolea yote yamo. Wakuu wa ofisi mliopo hapa, mkaguzi hatamuuliza kijana wa TEHAMA peke yake.

Juu ya nywila zenyewe nina neno moja tu la ubishi. Kumlazimisha mtumishi abadilishe nywila kila siku thelathini kunazaa Songea01, Songea02, na karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza mabadiliko hayo ya lazima tangu 2017. Nywila ndefu, ya mtu mmoja, inayobadilishwa inaposhukiwa, inatosha. Na mnapopandisha toleo la kanzidata, huenda mkakuta programu za zamani zinakataliwa kuingia, kwa sababu MySQL 8 ilileta njia mpya ya kuhifadhi nywila. Usiirudishe seva nyuma kwa ajili ya programu moja; kiunganishi cha programu ndicho cha kupandishwa. Njia ya zamani imezimwa katika toleo la 8.4 na kuondolewa kabisa katika la 9, zote za mwaka 2024, kwa hiyo mnaahirisha tu.

Umeme nitaupitia haraka, ingawa najua ndio mliokuwa mnausubiri. Tangu 2018, njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipotuunganisha na gridi ya Taifa, hatuko tena na majenereta ya dizeli kama zamani. Lakini masika na radi yake ni ile ile. Majedwali ya InnoDB, umeme ukikatika ghafla, hujirekebisha yenyewe seva inapowaka. Ya MyISAM, yaliyokuwa ya kawaida hadi MySQL 5.5 ya mwaka 2010, huvunjika na kudai kutengenezwa, na isitoshe hufunga jedwali zima kila mtu mmoja anapoandika. Bado yapo, katika mifumo ambayo aliyeiandika alishahamia Dar. Yageuzeni, kwanza mkiwa mmechukua nakala rudufu.

Na hapo kwenye nakala rudufu ndipo nitakapoishia. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilikuwa inahangaika na seva iliyoelemewa. Usiku, fundi aliyechoka akafuta saraka ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye ile kuu. Kati ya gigabaiti kama mia tatu zilibaki chache. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na walipozigeukia, hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi kama walivyotarajia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hao ni watu ambao kazi yao ni kuwatunzia wengine programu zao.

Kwa hiyo kabla hamjaniuliza maswali, nami nina la kwangu kwa kila ofisi iliyoleta mwakilishi: nakala yenu ya mwisho ilirejeshwa lini kwenye mashine nyingine na kufunguka, nani aliirejesha, na aliingia kwa akaunti ipi? Tuanze na walioketi mstari wa mbele.